Deni, Si Hisani: Maadili ya Profesa Henry Odera Oruka

Mwanzoni mwa mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa na kesi ambayo Wakenya waliifuata magazetini kila asubuhi. Wakili Silvano Melea Otieno alikuwa amefariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kiluo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwenye ardhi ya baba zake. Mwili ukakaa mochari miezi mitano huku mawakili wakibishana juu ya mila, ndoa na sheria. Miongoni mwa mashahidi walioitwa na upande wa ukoo alikuwamo profesa wa falsafa.

Profesa huyo, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihojiwa juu ya mila za Waluo na juu ya utafiti ambao tayari alikuwa ameufanya kwa zaidi ya miaka kumi: kuwatafuta wazee wenye hekima vijijini, kukaa nao, kuwauliza maswali magumu na kurekodi majibu yao. Sehemu ya mahojiano ya mahakamani aliichapisha baadaye katika kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990. Ukoo ulishinda kesi, Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 23, 1987, na mabishano juu ya hukumu ile yanaendelea mpaka leo. Mhadhara huu hautayafufua. Unamtazama shahidi mwenyewe, mtu aliyeamini kwamba kazi ya mwanafalsafa ni kuulizwa mambo yanayowauma watu, na kuyajibu hadharani.

Oruka aliandika mengi: juu ya adhabu, uhuru, misaada ya nje, mazingira, na wazee wa vijijini. Wanafunzi wengi wanamjua kwa hilo la mwisho tu, kwa sababu ndilo linaloulizwa kwenye mitihani. Lakini ukizisoma kazi zake kwa mfululizo, unakutana na wazo moja linalozishika zote. Maisha mema, kwa Oruka, hayaanzi na mahubiri ya tabia njema. Yanaanza na kile ambacho mtu lazima awe nacho ndipo aweze kuwa mtu wa kuambiwa habari za tabia njema, na kitu hicho ni deni ambalo wenzake wanadaiwa.

Alizaliwa mwaka 1944 huko Ugenya, Siaya. Katika miaka ya 1960 alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Alikwenda kusomea sayansi, akavutwa na falsafa. Mwalimu aliyemvuta ni Ingemar Hedenius, aliyekuwa ameitikisa Uswidi mwaka 1949 kwa kitabu kilichodai kwamba mtu hana ruhusa ya kuamini jambo asilokuwa na sababu za kuliona kuwa kweli. Mwishoni mwa muongo huo Oruka alisoma pia Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, mji uliokuwa bado na makovu ya machafuko ya mwaka 1967. Mwaka 1970 akarudi nyumbani kufundisha. Falsafa wakati huo ilikaa katika idara moja na masomo ya dini, chini ya Askofu Stephen Neill. Ilipopata idara yake yenyewe mwaka 1980, Oruka akawa mwenyekiti wa kwanza.

Aliporudi alikuta ugomvi. Mwaka 1945 mmisionari Mbelgiji, Padri Placide Tempels, aliyefanya kazi Katanga, alikuwa amechapisha kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Tempels aliwatetea Waafrika dhidi ya Wazungu waliosema hawana fikra, na kwa hilo ni haki kumsifu. Lakini alidai pia kwamba Mbantu hawezi kuieleza falsafa yake mwenyewe. Ni Mzungu msomi ndiye angemwelezea. Mwaka 1969 John Mbiti, Mkenya, akachapisha kitabu chake maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichosimulia kile ambacho makabila kwa ujumla yanaamini. Upande wa pili walisimama wasomi kama Paulin Hountondji wa Benin, waliokataa kwamba imani za kabila zima zinaweza kuitwa falsafa. Falsafa, walisema, ni kazi ya mtu mmoja mmoja anayetoa hoja na kuzitetea.

Oruka alikubaliana na Hountondji kwamba kabila halifikiri. Anayefikiri ni mtu. Akatofautiana naye kwenye jambo moja: mtu huyo si lazima awe amesoma chuo. Basi mwaka 1974 akaanzisha mradi wa kuwatafuta.

Namna ya kuwatafuta ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Mtafiti alifika kijijini na kuuliza wenyeji, ni nani hapa mnayemwendea mambo yakiwashinda? Majina yakitajwa, alikaa na mzee husika, mara nyingi kwa lugha ya mzee mwenyewe, na kumuuliza: Mungu ni nini? Ukweli ni nini? Mwanamume na mwanamke ni sawa? Mila hii ina maana gani? Swali lililotenganisha pumba na mchele lilikuja baada ya hapo. Mzee alipokwisha kueleza watu wake wanaamini nini, aliulizwa: na wewe mwenyewe unaonaje?

Wengi waliishia hapo. Walijua mila zote, methali zote, taratibu zote za kuozesha na kuzika, ila nje ya hayo hawakuwa na la kusema. Oruka aliwaheshimu akawaita wahekima wa kijamii. Hata Ogotemmêli, mzee kipofu wa Kidogoni kutoka Mali ambaye simulizi zake zilimshangaza Mfaransa Marcel Griaule mwaka 1946, Oruka alimweka kwenye kundi hilo. Lakini wachache waligeuka nyuma na kuitazama jamii yao kwa macho makavu. Hao ndio aliowaita wahekima wa kifalsafa.

Njeru wa Kinyenje, mzee kutoka upande wa Embu, alikuwa mmoja wao. Alisema haombi Mungu wala haendi kwa waganga, kwamba dini iliyoletwa ni uchawi wa Wazungu, na kwamba uchawi huo umeushinda ule wa Waafrika kwa nguvu tu. Stephen M'Mukindia Kithanje, Mmeru, alimfafanua Mungu kama muungano wa joto na baridi, akatoa sababu zake kutokana na jinsi uhai unavyoanza. Okemba Simiyu Chaungo, Mbukusu, alipoulizwa ukweli ni nini, alijibu kwa kuionyesha chupa iliyokuwa mbele yao: jambo la kweli ni lile lililo kama lilivyo, kama vile chupa hii ni chupa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutozwa karo nzito kabla ya kulifikia jibu hilo.

Oruka hakumwacha nje baba yake mzazi. Mzee Oruka Rang'inya, aliyefariki mwaka 1979, alihojiwa kama wengine, na akasema kwamba Mungu ni wazo, wazo lenye manufaa kwa sababu linasimama badala ya wema. Paul Mbuya Akoko naye, mzee wa Kiluo, alisahihisha jambo ambalo wanasiasa wa miaka ile walilitangaza kila jukwaa. Ilidaiwa kwamba Waafrika wa zamani waligawana mali yao kwa ukarimu tu. Akoko alisema hapana. Mwenye ng'ombe wengi aliwapa wasio na ng'ombe wachache wa kutunza. Ng'ombe walibaki mali yake, hakuwatoa moja kwa moja, lakini kila boma likawa na maziwa.

Maelezo hayo ya Akoko yanastahili kusomwa taratibu. Mfumo aliousimulia haukungoja mioyo ya watu iwe myema ndipo watoto wanywe maziwa. Tajiri hakulazimika kuwa mtakatifu, na maskini hakulazimika kushukuru kila jioni kwa kusujudu. Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ulihakikisha kwamba hakuna boma linaloshuka chini ya kiwango fulani. Miaka mingi baadaye Oruka alipoandika juu ya haki za maskini duniani, mtu anayekumbuka ng'ombe wa Akoko ataona ni wapi mawazo ya profesa yalipopata nguvu.

Kuna sharti moja zaidi la mhekima ambalo husahaulika. Oruka alisema haitoshi mhekima kuwa na akili kali. Lazima aitumie akili hiyo kuwatengenezea wenzake maisha bora kimaadili. Mtu mjanja anayewashinda wengine kwa hoja ili ajipatie shamba lao si mhekima, hata kama kijiji kizima kinamwogopa. Ndiyo maana aliwaweka wazee wake karibu na Socrates, ambaye hakuandika kitabu na aliuawa na mji wake kwa sababu ya maswali yake. Na ndiyo maana mwaka 1992 alichapisha kitabu kizima cha mazungumzo na Oginga Odinga, akimtazama mwanasiasa huyo mkongwe kama mhekima wa kuulizwa anaamini nini na kwa nini.

Wakosoaji walikuja mapema. Peter Bodunrin wa Nigeria aliuliza mwaka 1981 swali ambalo bado lina uzito: falsafa inayotoka kwenye mazungumzo hayo ni ya nani? Mzee asingesema aliyoyasema kama profesa asingemchokoza kwa maswali ya kisomi, kwa hiyo huenda tunamsikia Oruka kwa sauti ya Akoko. Oruka alijibu kwamba hakuna mwanafalsafa, wa Afrika wala wa Ulaya, aliyewahi kufikiri bila kuchokozwa na mtu mwingine. Jibu hilo ni zuri, ingawa halimalizi kila kitu. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni nyingine: wanawake ni wachache mno katika kazi ile. Ukikiuliza kijiji ni nani mnayemwendea mambo yakiwashinda, na kijiji kikawa na desturi ya kuwapa wazee wa kiume viti vya mbele, utaletewa wazee wa kiume. Utafiti uliokusudia kuvuka mipaka ya mila ulianza kwa kuiamini mila impe orodha ya majina.

Ndugu wasikilizaji, tuwaache wazee kwa muda twende gerezani.

Mwaka 1976 Oruka alichapisha Punishment and Terrorism in Africa. Hoja yake iliwakera wengi. Mhalifu, alisema, hatendi peke yake. Nyuma yake kuna nguvu zinazozalisha uhalifu: umaskini, malezi yaliyovunjika, jamii isiyompa nafasi, mara nyingine maradhi ya akili. Dola inapomwadhibu mtu na kuziacha nguvu hizo zikiendelea kuzalisha wengine, inajidanganya kwamba imefanya haki. Yeye alitaka adhabu ifutwe na jamii igeukie kuzitibu nguvu zenyewe. Na dola inayowaumiza watu wasio na hatia kwa jina la utulivu, hiyo Oruka aliihesabu kuwa inafanya ugaidi.

Unaweza kumpinga. Mtu aliyeporwa usiku hatulizwi kwa kuambiwa habari za nguvu za kijamii, na wapo maskini wengi sana ambao hawajawahi kuiba hata yai. Lakini tazama mwaka na mahali. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kesi kuanzia Desemba 1977. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa wa Nairobi walikamatwa. Mwaka 1986, katika msako wa kundi la siri la upinzani, Mwakenya, watu waliteswa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House, jengo lililo mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye madarasa ya chuo. Mwalimu aliyekwisha kuandika kwamba dola inaweza kuwa gaidi alikuwa akifundisha maadili kwa wanafunzi ambao wenzao walikuwa wakitoweka.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1989 Oruka alitoa makala juu ya misaada ya nje, na humo akaweka dai lake la haki ya kima cha chini cha ubinadamu. Kima hicho kina mambo matatu: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kumwezesha mtu kuishi. Akauliza kwa nini mambo hayo matatu na si mengine, akajibu hivi. Ili tumdai mtu awe mwadilifu, atimize ahadi, aheshimu mali ya mwenzake, atii sheria, lazima kwanza awe na uwezo wa kufikiri na kuamua kama mtu mwenye akili timamu. Njaa kali, maradhi yasiyotibiwa na hofu ya kuuawa vinamnyang'anya uwezo huo. Kwa hiyo anayemnyima mtu kima cha chini amemtoa kwenye uwanja wa maadili, na akishamtoa hana tena haki ya kumhukumu kwa sheria za uwanja huo.

Hii ni tofauti na njia ya Peter Singer, Mwaustralia aliyeandika mwaka 1972 juu ya njaa ya wakimbizi wa Bengali. Singer alianza na mwenye nacho: ukipita karibu na bwawa ukaona mtoto anazama, na unaweza kumwokoa kwa gharama ya nguo zako kuchafuka tu, unawajibika kumwokoa. Mfano huo umewafanya maelfu watoe pesa, na ni jambo jema. Lakini ndani yake mtoto hasemi chochote. Oruka alianza na mtoto. Anayezama ana haki, na haki hiyo inamwandama kila awezaye kumwokoa, awe ni wa nchi yake au wa nchi nyingine. Ndiyo maana Oruka aliikataa misaada ya nje inayotolewa kama hisani. Hisani mtoaji huitoa akitaka, huisitisha akikasirika, na hudai shukrani kila mara. Deni lina sura nyingine. Mipaka ya nchi nayo, alisema, haina utukufu wa kuizuia haki hiyo. Umiliki wa ardhi na rasilimali ndani ya mpaka si haki isiyo na kikomo wakati upande wa pili watu wanakufa.

Angalia pia jinsi usalama wa mwili ulivyowekwa pamoja na chakula. Miaka ile watawala wengi wa Afrika walikuwa na wimbo mmoja: tupeni muda tuwalishe wananchi, uhuru utakuja baadaye. Kima cha chini cha Oruka kinaukata wimbo huo katikati. Serikali inayogawa mahindi mchana na kutesa raia usiku imevunja kima cha chini sawasawa na ile inayowaacha wafe njaa.

Mwenye kuishi Kenya leo anaweza kulipima wazo hili kwa Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Maneno hayo ni mapana kuliko ya Oruka. Lakini habari za wagonjwa na hata maiti kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili zimeendelea kusikika miaka mingi baada ya Katiba kupitishwa. Pengo lililobaki ni lile lile alilopigana nalo Oruka: watu wanaiona afya ya jirani kama kitu cha kuchangisha kwa harambee, kwa huruma ya siku ile, wakati sheria inasema ni kitu anachodai.

Julai 1991 Nairobi ilipokea kongamano la dunia la wanafalsafa, la kwanza kufanyika Afrika, na Oruka alikuwa mhimili wa maandalizi yake. Mada ilikuwa falsafa, binadamu na mazingira. Mahali palifaa. Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako Nairobi, na miaka miwili tu nyuma, mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa amepigana na mradi wa jengo la ghorofa 60 lililotaka kusimama ndani ya bustani ya Uhuru Park. Kutokana na mazungumzo ya kipindi hicho Oruka aliandika, kwanza peke yake mwaka 1993 na kisha pamoja na msomi mwenzake Calestous Juma, juu ya kile alichokiita maadili ya dunia mzazi.

Aliandika akimlenga Garrett Hardin, mwanabiolojia wa California. Mwaka 1974 Hardin alikuwa amesema kwamba nchi tajiri ni kama mashua ya uokoaji yenye watu 50 na nafasi ya watu 60, na nje yake wanaogelea watu 100 wakiomba kupandishwa. Ukiwapandisha wote, mashua inazama. Kwa hiyo, kwa ushauri wa Hardin, usimpandishe yeyote, na usiwape chakula wenye njaa, maana wataongezeka. Makala yake ilisomwa sana, na wapo wanaoirudia leo bila kujua jina la mwandishi.

Oruka hakubishana juu ya idadi ya viti. Aliikataa bahari yenyewe. Dunia, alisema, si watu wageni waliokutana majini. Dunia ni familia yenye watoto sita. Wawili ni matajiri, mmoja wao tajiri kupindukia. Wanne ni maskini. Tofauti zao zimetokana na bahati, na historia, na juhudi za kila mmoja. Lakini wote wametoka kwa wazazi wamoja, na hakuna aliyepata alichonacho bila kile kilichotangulia kuzaliwa kwake. Kutokana na hapo alichora kanuni za aina mbili.

Za kwanza ni za deni la wazazi. Usalama wa kila mtoto umefungwa kwenye usalama wa ndugu zake. Aibu ya mmoja ni aibu ya nyumba nzima, hivyo tajiri hawezi kujivunia jumba lake wakati ndugu yake analala jalalani. Utajiri wake una mchango wa wazazi ndani yake, hivyo hana haki ya kumnyima aliyekwama. Na ya mwisho ni kali: ndugu waliokosa kila kitu hawazuiliwi na sababu yoyote ya maadili kuchukua kile wanachohitaji ili waishi. Aina ya pili ni za bahati ya mtu binafsi. Mtu ana haki ya kufaidi jasho lake, anaweza kutoa zaidi ya anachodaiwa akipenda, na mali yake inalindwa na sheria ya nyumba. Aina hizo mbili zikigongana, deni la wazazi linatangulia.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa familia hiyo. Anaijua kwenye simu yake. Mwenye mshahara mmoja Nairobi au Dar es Salaam hulipa karo ya mdogo wake, dawa za mama, na mabati ya nyumba ya bibi, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 ombi na jibu hupishana kwa dakika chache. Anajua pia uchungu wake: jamaa wasiofanya kazi wakimsubiri mwisho wa mwezi, na lawama asipotuma. Oruka hakuufumbia macho uchungu huo. Kanuni zake za bahati ya mtu binafsi zipo ili mtoto mmoja asimezwe na wengine. Alichokataa ni mtu kuanzia kwenye jasho lake kana kwamba alizaliwa peke yake jangwani.

Mfano huo wa familia una mianya. Anayezijua familia zetu atauliza mara moja habari za mabinti. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawapa watoto wote wa marehemu sehemu sawa pale asipoacha wosia, na hadi leo kuna kina kaka wanaowafukuza dada zao kwenye shamba la baba. Familia inaweza kuwa shule ya haki, na inaweza kuwa mahali pa kwanza mtu anapodhulumiwa. Tena, mataifa hayana mzazi wa kuwaita barazani. Oruka alitegemea akili ya kawaida ya kimaadili ifanye kazi ya mzazi, na historia haitupi matumaini makubwa hapo. Hata hivyo, ukiweka kando mianya yote, wazo la deni linasimama. Afrika inatoa karibu asilimia 4 tu ya gesi zinazoipasha dunia joto, na bado ukame wa Turkana na mafuriko ya Rufiji haviulizi nani alichoma mafuta. Mwaka 2022 mkutano wa tabianchi kule Misri ulipokubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wajumbe wa nchi maskini walikuwa wakisema lugha ya Oruka, wengi wao pengine bila kumsoma: tunachokuja kuchukua hapa si msaada.

Alifariki Desemba 1995 baada ya kugongwa na gari mjini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1997 mkusanyiko wa makala zake ulichapishwa Nairobi kwa jina la Practical Philosophy, ukiwa na maneno mengine kwenye jalada kuhusu kutafuta kima cha chini cha maadili. Mwaka huohuo Anke Graness na Kai Kresse, Wajerumani, walihariri kitabu cha kumkumbuka. Kresse akaichukua njia ya Oruka akaipeleka Pwani. Aliishi Mombasa, akakaa na Sheikh Abdilahi Nassir, na Ahmed Sheikh Nabhany, na mshairi Ahmad Nassir, mtunzi wa Utenzi wa Mtu ni Utu, na kitabu chake cha mwaka 2007 kinaonyesha wanafikra wa Kiswahili wakihojiana juu ya wema, elimu na dini mitaani na misikitini. Wazee wa Oruka walizungumza Kiluo, Kimeru, Kibukusu. Wale wa Mombasa walizungumza na kutunga kwa Kiswahili. Vitabu vyote hivyo vilitoka kwa Kiingereza.

Hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo, na wenye kuifanya wapo. Idara za falsafa za Nairobi, Dar es Salaam na Makerere ziwatume wanafunzi wao wakakae na wazee, safari hii wakianza na bibi, wawaulize wao wenyewe wanaonaje, na majibu yachapishwe kwa Kiswahili ili aliyehojiwa aweze kusomewa alichosema na kukisahihisha. Kinasa sauti sasa kiko ndani ya kila simu. Na wewe uliyeketi hapa, ikiwa kwenu yuko mzee ambaye kijiji humwendea mambo yakikishinda, mwendee ungali unaweza kumkuta.